Gome la mti linalogeuka sakafu



Juma lililopita, mkutano wetu ulipokwisha na vikombe vya chai vikiwa vimekusanywa, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta kando. Binti yake anayeishi Ubelgiji alikuwa amempigia simu akamwambia hivi: "Mama, na magoti yako yale, acha kuamka kila asubuhi ukikanyaga simenti ya baridi. Sisi hapa tumeweka sakafu ya vizibo. Nitakutumia na wewe." Mama yetu alidhani amesikia vibaya. Vizibo? Vile vya chupa? Alicheka kwenye simu, lakini usiku hakupata usingizi, kwa sababu binti alitaja pia hesabu ya feza atakazotumia, na hesabu hiyo ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo aliniuliza: ni kitu cha kweli, ama watoto wa Ulaya wanatuchezea? Na kama ni cha kweli, akubali, au aombe feza hizo zifanye kazi nyingine? Nimeona nijibu hapa, maana najua wengi wetu tuna mtoto, mdogo au shemeji huko ng'ambo, na zawadi za namna hii hutufikia hata kabla hatujaelewa ni kitu gani.

Ni kitu cha kweli. Kizibo wengi tunakijua kwa divai ya misa: kile kipande chepesi chenye rangi ya mkate uliookwa, ambacho padri hukivuta kwa nguvu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kigunzi cha hindi kwenye chupa ya mafuta ya mawese, na labda ndiyo maana watu wengi hufikiri kwamba kizibo cha divai kimetengenezwa kiwandani kwa namna fulani ya povu. Sivyo. Ni gome la mti. Madukani huko Ulaya, kwa Kifaransa, wanaliita *liège*. Mkiona neno hilo kwenye karatasi ya bei ambayo mtoto amewapigia picha, ndilo hilo.

Mti wenyewe ni mwaloni wa aina yake, wa jamaa moja na ile mialoni ya Mamre tunayoisoma katika habari za Abrahamu, ingawa si uleule. Unaota pande za magharibi za bahari ya Mediterania: Ureno, Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia hasa katika kisiwa cha Sardinia, na upande wa bara letu katika Moroko, Aljeria na Tunisia. Karibu na Rabat, mji mkuu wa Moroko, kuna msitu mkubwa wa miti hiyo uitwao Maamora. Lakini bwana wa kizibo ni Ureno. Nchi hiyo ndogo peke yake hutoa karibu nusu ya kizibo chote cha dunia, na sehemu kubwa hutoka jimbo la kusini liitwalo Alentejo, ambako miti imesimama mbalimbali juu ya majani makavu, na chini yake kondoo wanakula majani na nguruwe wanaokota mbegu.

Mti huu haukatwi. Unavuliwa gome kama mtu anavyovuliwa koti, kisha unaachwa uote lingine. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza sikuliamini, kwa sababu sisi wa Kivu tunajua yanayoupata mti ukichunwa pande zote. Wengi mmeona vilimani ile miti ya *Prunus africana* ambayo magome yake hununuliwa na kupelekwa Ulaya kutengenezwa dawa za wanaume wazee: mchumaji mwenye haraka huuchuna wote kuzunguka, na baada ya muda mti umekauka umesimama. Mwaloni wa kizibo hauna bahati hiyo mbaya kwa sababu gome lake lina tabaka mbili. La nje limekwisha kufa, ni kizibo kitupu. La ndani ni hai, na ndilo linalojenga kizibo kipya. Mradi shoka lisiguse lile la ndani, mti unaendelea kuishi, hata miaka 200.

Lakini subira yake, wamama! Mti ukipandwa, husubiriwa karibu miaka 25 mpaka shina linenepe la kutosha kuvuliwa mara ya kwanza. Gome hilo la kwanza ni gumu, lina mikunjo na nyufa, na halifai kuziba chupa yoyote. Kisha sheria ya Ureno inasema lazima ipite miaka 9 kabla ya kuvua tena. Gome la pili nalo bado si zuri. Inapita miaka mingine 9, na hapo tu, mti ukiwa na umri wa miaka 43 hivi, linatoka gome laini linalofaa kizibo cha divai. Maana yake mwanamke aliyepanda akiwa bibi arusi atavuna gome zuri akiwa bibi wa wajukuu, kama Mungu amempa siku. Ili wasikosee hesabu, kila mti ukivuliwa huandikwa kwa rangi nyeupe tarakimu ya mwisho ya mwaka ule. Ukiona 4 juu ya shina, ujue ulivuliwa mwaka 2024 na utasubiri mpaka 2033. Na kuukata mti mzima bila ruhusa ya serikali ni kosa. Mwishoni mwa mwaka 2011 Bunge la Ureno liliutangaza kuwa mti wa taifa.

Mkubwa kuliko yote uko katika kijiji cha Águas de Moura. Ulipandwa mwaka 1783, na wenyeji wanauita Mpiga Mluzi kwa ajili ya ndege wengi wanaolia katika matawi yake. Mwaka 1991 ulitoa kilo 1,200 za gome kwa siku moja ya kuvuliwa, ambazo zilitosha vizibo zaidi ya 100,000. Miti ya kawaida hutoa kilo makumi tu.

Kuvua hufanywa wakati wa joto, kuanzia mwezi wa tano au wa sita mpaka wa nane, kwa sababu wakati huo mti unakua na gome la nje linaachana na la ndani kwa urahisi. Hakuna mashine iliyoweza kuchukua kazi hiyo yote. Ni watu na mashoka, mara nyingi wawili wawili kwa kila mti. Anapiga shoka kufuata ufa wa gome kutoka juu kwenda chini, anasikiliza sauti, maana sauti ndiyo inayomwambia kama gome litatoka au limeshikamana. Kisha anageuza shoka na kuingiza ncha ya mpini katikati ya tabaka mbili, na kulisukuma polepole mpaka ubao mzima ukatoka. Shina linabaki wazi na rangi nyekundu kama udongo wa matofali, halafu kadiri miezi inavyopita linafanya weusi. Kijana hujifunza kazi hiyo miaka mingi kabla ya kuachiwa mti peke yake.

Mbao hizo za gome hupangwa nje kwa marundo, zikipigwa na jua na mvua kwa miezi kadhaa. Kisha huchemshwa katika maji safi kwa muda wa saa moja hivi. Kuchemsha kunasafisha, kunalainisha, na kunafanya gome lililokuwa limejikunja kama bakuli linyooke kama ubao. Baada ya kupumzika tena, huja kuchaguliwa: hili nene, hili jembamba, hili lina matundu, hili limeliwa na wadudu.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo wanawake wanapoingia. Msituni kazi ya shoka imekuwa ya wanaume, lakini viwandani, tangu zamani, wanawake wengi wa Ureno wameketi mbele ya meza na mikanda inayopitisha vizibo, wakichagua kimoja kimoja kwa macho, kazi inayotaka jicho kali na mikono myepesi. Walilipwa chini ya wanaume waliosimama chumba kilekile. Sikushangaa kusoma hivyo, na ninyi pia hamtashangaa.

Ubao mzuri hukatwa vipande virefu, na mashine hutoboa vizibo mfululizo, kama wewe unavyobonyeza kikombe juu ya unga uliosukumwa ili kupata biskuti za duara. Mnajua kinachobaki mezani: unga wenye matundu. Basi katika kizibo kinachobaki ni kingi kuliko kinachotoka. Na juu yake kuna lile gome la kwanza na la pili yasiyofaa, na mbao zilizokataliwa na wale wanawake. Zamani masalio mengi yalichomwa au kutupwa. Leo ndiyo yanayozaa sakafu. Binti wa mama yetu atakapokanyaga sakafu yake, anakanyaga makapi ya kiwanda cha vizibo, kama vile mbuzi wetu wanavyonenepa kwa maganda ya viazi.

Husimuliwa kwamba njia ya kuyaunganisha ilipatikana kwa ajali mwishoni mwa miaka ya 1800 huko New York. Mtu aitwaye John Smith alikuwa akitengeneza makoti ya kuokolea watu majini, yaliyojazwa chembe za kizibo. Bomba la bati lilizibwa na chembe hizo, likaachwa karibu na moto, na asubuhi akakuta chembe zimeshikamana kuwa kitu kimoja kigumu cha rangi ya chokoleti. Moto ulikuwa umetoa utomvu wa kizibo chenyewe, na utomvu huo ukawa gundi. Hata leo zipo mbao nyeusi za kizibo za kuwekwa ndani ya kuta ambazo hushikamana kwa mvuke wa moto tu, bila gundi yoyote kuongezwa.

Sakafu kwa kawaida huongezwa gundi, kwa sababu lazima istahimili miguu. Masalio husagwa katika kinu mpaka yawe chembe, baadhi kama semolina, baadhi kama punje za mchele. Huchekechwa kutenganisha kubwa na ndogo, hukaushwa, huchanganywa na gundi kidogo, humiminwa katika kalibu na kukandamizwa kwa nguvu kubwa na joto. Kinachotoka ni tofali kubwa. Linaachwa lipoe na kutulia, kisha linakatwa tabaka tabaka kama mkate wa kukata, linasuguliwa kwa msasa mpaka liwe laini na unene uwe sawa, na juu yake hupakwa vanishi, nta au mafuta. Zile zenye sura nzuri sana, zenye mistari kama mawingu, zimebandikwa juu karatasi nyembamba ya gome lililochaguliwa. Chini yake ni chembe zilezile.

Dukani mtoto wako ataonyeshwa aina mbili, na inafaa umuulize amechagua ipi. Ya kwanza ni karo nyembamba, milimita 4 mpaka 6, ni kizibo kitupu, na hubandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya simenti. Ya pili ni mbao nene, kama milimita 10 au 12, zinazoingiliana kwa ulimi na mfereji bila gundi: juu kizibo, chini kizibo, lakini katikati kuna ubao wa unga wa mti uliokandamizwa. Kwa Ulaya hiyo ya pili ni rahisi kuweka. Kwa kwetu mimi naiogopa, kwa ajili ya yale ya katikati. Ubao wa namna hiyo ukinywa maji unavimba na hauponi, na mchwa wetu sina haja ya kuwaeleza habari zao.

Sasa kwa nini mtu asumbuke hivyo yote kwa ajili ya sakafu? Mwaka 1665 Mwingereza mmoja aitwaye Robert Hooke alikata kipande chembamba sana cha kizibo akakitazama kwa darubini ya kukuza vitu vidogo. Aliona vijumba vidogovidogo vimepangana kama sega la nyuki, vimefungwa pande zote. Akaviita vyumba vidogo, na kutoka neno lake hilo ndiyo seli ambayo watoto wetu huisoma katika somo la biolojia. Ilianza kwa kizibo! Katika kipande chenye sentimita moja kila upande huhesabiwa kama milioni 40 za vijumba hivyo, na ndani ya kila kimoja mna hewa iliyofungiwa. Kuta zake zina kitu cha namna ya nta kisichopitisha maji wala hewa. Ndiyo maana chupa ikilazwa miaka kumi divai haitoki.

Hewa iliyofungiwa ndiyo siri ya joto. Jaribu wewe mwenyewe kesho asubuhi, kabla jua halijatoka: weka mguu mmoja juu ya kibao cha kukalia jikoni, na mwingine juu ya simenti. Vimelala chumba kimoja usiku kucha, baridi yao ni moja. Lakini simenti unaisikia kama barafu na kibao hapana. Sababu ni kwamba simenti inanyonya joto la mguu wako kwa haraka na kulipeleka chini, na kibao hakiwezi. Kizibo hakiwezi kuliko kibao, kwa kuwa hewa iliyotulia ni mbeba joto mvivu sana. Sakafu yenyewe haitoi joto lolote, inakuachia tu lile ulilo nalo. Kwa sisi wa milimani, ambako usiku tunalala na mablanketi mawili, hilo si jambo dogo. Mtoto anayejifunza kuketi, anayetambaa, anayechezea chini siku nzima, hulipa baridi ya sakafu kwa mwili wake.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayofanya kizibo kibonyee na kurudi. Ukikikanyaga kinashuka kidogo, ukiinua mguu kinarudi mahali pake. Mwanamke anayesimama saa tatu akipiga pasi au akikata sombe huusikia ugumu wa simenti katika visigino, kisha magoti, kisha kiuno. Kizibo hakiponyi magoti, nilimwambia mama yetu hivyo waziwazi, maana binti yake kwa upendo alisema karibu kama daktari. Lakini kinapunguza kile kinachoyachosha. Bibi akianguka, anaanguka pahali palipo na huruma kidogo. Kikombe kikidondoka mara nyingine kinapona. Kelele nazo hupungua: katika nyumba za ghorofa huko Ulaya watu wengi hununua kizibo si kwa ajili ya miguu yao, bali kwa ajili ya amani na jirani wa chini. Tena vumbi halizami ndani yake kama linavyozama katika zulia la nyuzi, kwa hiyo katika nyumba yenye mtoto anayebanwa kifua ni afadhali kuliko zulia. Hata mjenzi mashuhuri wa Marekani, Frank Lloyd Wright, aliposimamisha nyumba ya Fallingwater juu ya maporomoko ya mto katika Pennsylvania miaka ya 1930, vyumba vya kuogea aliviweka kizibo chini na ukutani.

Watu watakaosoma hilo la vyumba vya kuogea wasikimbilie kumwaga maji. Kizibo chenyewe hakinywi maji upesi, lakini kati ya karo na karo kuna nafasi, na chini yake kuna gundi. Na sisi tunasafisha namna gani? Tunamwaga ndoo nzima, tunasukuma maji kwa ufagio mpaka mlangoni, tunafurahi. Sakafu ya kizibo haikubali hivyo hata mara moja kwa juma. Inataka kufagiliwa, kisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Haipendi mchanga, na wale wa Goma wenye vumbi la volkano wanajua jinsi linavyokwaruza. Lazima viatu vibaki mlangoni. Haipendi miguu myembamba ya kabati zito, wala visigino virefu vya arusi, vinaacha vidimbwi. Jua la dirisha likiipiga kila siku rangi inapauka, ukiondoa zulia unaona alama yake. Na kaa moja la moto likiruka kutoka kwenye mbabula, vanishi imeungua na doa halitoki. Kwa hiyo jikoni mnapopikia makala, sahauni.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji yanayotoka chini. Nyumba zetu nyingi, simenti imemwagwa juu ya mawe na udongo bila plastiki yoyote katikati, kwa sababu siku ile ya kumwaga hapakuwa na feza za kutosha, au fundi hakuona maana yake. Simenti ya namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ikiwa wazi, maji hayo hukauka hewani na wewe huyaoni. Ukiyafunika kwa karo za kizibo na vanishi, yamefungiwa. Gundi inaachia, kingo zinainuka, ukungu unaota chini, na harufu yake unaijua. Hapo mtoto anayebanwa kifua umemletea ugonjwa badala ya kumwondolea.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtoto wa ng'ambo, fanya jambo lisilogharimu kitu. Chukua plastiki safi isiyo na tundu, upana wa kama mita moja kila upande, ile ya kufunikia magodoro inafaa. Itandike juu ya simenti kavu, ubandike kingo zote kwa gundi ya utepe mpaka hewa isipite. Iache siku mbili, usiku na mchana. Ukiinua ukakuta matone chini yake, au simenti imegeuka nyeusi, sakafu yako bado haiko tayari kwa kizibo, wala kwa ubao, wala kwa zulia la kubandikwa. Fanya hivyo wakati wa mvua. Kiangazi chaweza kukudanganya.

Kama ni kavu, hapo ndipo muulizane mengine. Feza alizotaja ni za karo tu, au na gundi, vanishi, usafiri na ushuru wa forodha? Nani ataiweka? Fundi wa karo za kawaida anaweza kujifunza, lakini asawazishe simenti kwanza, maana karo nyembamba huonyesha kila kilima na kila shimo, na aziache karo chumbani humo siku mbili au zaidi kabla ya kuzibandika ili zizoee hewa ya nyumba. Gundi na vanishi ni za namna gani? Kuna zile zenye harufu kali inayoumiza macho na kifua kwa siku nyingi. Muombe mtoto achague zile za maji, na watoto walale kwa shangazi mpaka chumba kikauke.

Na anayebaki na simenti yake, asijione maskini. Hewa iliyofungiwa haiuzwi Ulaya peke yake. Gunia kavu chini, mkeka juu yake, umekwisha kufungia hewa kati ya mguu na simenti. Vitoe juani mara kwa mara, la sivyo unyevu uleule utavipata.

Kwa mama yetu tulitandika plastiki Jumanne jioni, katika chumba chake cha kulala, mjukuu wake akishika utepe. Alhamisi kisha chai ya asubuhi tukainua. Upande wa mlango palikuwa pakavu. Upande wa kitanda, penye ukuta unaotazama kilima, plastiki ilikuwa na matone mengi kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mama alipitisha kidole juu yake, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu achukue simu aandike: feza za sakafu zichimbe kwanza mfereji nyuma ya nyumba, pale maji ya kilima yanapogonga ukuta, na kama zinabaki, zipake ukuta. Halafu akaongeza, naye anacheka, kwamba binti amtumie kipande kimoja tu cha kizibo, kisichobandikwa, cha kuweka mbele ya kitanda, mahali miguu inapogusa chini asubuhi. Jibu lilikuja jioni ileile. Kipande kitafika mwezi ujao, katika sanduku la shangazi.